Mbabula Iliyokwenda Matanga

Nakivale, juu ya soko

Mama yangu,

Nakusalimia kwa mdomo wangu na kwa midomo ya wajukuu wako watano, ambao wamenizunguka hapa, kila mmoja anataka jina lake liandikwe la kwanza. Umeamkaje? Kifua kimetulia kidogo? Ile dawa ya kituo cha afya imekusaidia, au bado unakohoa alfajiri mpaka majirani wanaamka? Sisi huku tuko, Mungu anatushika. Mvua imenyesha nyingi, mahindi ya nyuma ya nyumba yamesimama vizuri. Baba Amani bado yuko Bwizibwera kwenye kazi ya maziwa, anashusha madumu ya wafugaji, na mwisho wa mwezi anarudi nyumbani ananuka mtindi mpaka watoto wanamkimbia. Anakusalimia sana.

Riziki, wewe mdogo wangu unayemsomea Mama, soma polepole. Usiruke. Nakujua wewe, ukifika kwenye neno chungu unalipita, halafu unasema, "Mapendo anasalimia tu." Leo sisalimii tu. Funga mlango kwanza, maana majirani zetu wa Baraka wana masikio marefu, kisha umsomee Mama kama nilivyoandika.

Nimechukua karatasi kwa sababu simu yenu ni ya nyumba nzima. Ningetuma sauti, ingesikika hadi kwa wauza ndagala kabla haijafika kwako. Barua anakuletea mchungaji wetu, anakuja Uvira kwenye arusi ya mtoto wake, kisha atashuka mpaka Baraka. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Mama, neno lako lilinifika. Ulisema, "Mapendo, kwa nini umerudi kupikia kwa makala, na moshi wake, wakati unajua nakuja kwako juu ya ugonjwa huu wa kifua?" Sikukujibu siku ile. Ningejibu, ningetukana, na wewe hukunizaa nikutukane. Sasa nakujibu. Sikurudi kwenye makala. Nimerudishwa, na aliyenirudisha ni Feza.

Ndiyo, Riziki, umesoma vizuri. Feza wetu. Yule ambaye mama mdogo alipofariki kwa uzazi, wewe Mama ulimpakata pamoja nami, yeye titi la kushoto, mimi la kulia, na watu wakawa wanauliza kama ni mapacha. Tulikimbia pamoja, tulivuka mpaka pamoja, na hapa kambini nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nilikuwa nikisikia msemo huo nadhani ni wa watu wengine.

Nianze mwanzo ili uelewe. Unakumbuka nilikuambia juu ya watu wa mradi, wale wenye ofisi yao Mbarara mjini. Walikuja hapa wakasema wanataka kupima jambo moja: nyumba ya mtu wa hali ya chini ikiacha makala, kuni na taa ya mafuta, ikafanya kila kitu kwa umeme, itakula umeme kiasi gani, na moshi utapungua kiasi gani? Wakachagua nyumba chache, na yangu ikaingia. Wakaniletea sufuria ya umeme yenye mfuniko wa kufunga, jiko la umeme la kukaangia, birika, pasi, na taa kila chumba. Kisha wakaweka vipimo vyao: sanduku ukutani la kuhesabu umeme, kidude kingine juu ya mlango wa jikoni cha kunusa moshi, na kitu kidogo cha chuma, sawa na kifungo cha koti, wakakifunga kwenye mguu wa mbabula yangu ya makala, ile ambayo wenyeji wa huku wanaita sigiri.

Nikamuuliza injinia, "Mbabula nimeiacha, mnaipimia nini?" Ni kijana wa Kinyankole, mpole, anaongea Kiswahili cha kwao Uganda. Akacheka, akasema, "Mama Amani, hii kitu inasikia moto tu. Jiko ikilala, sisi tunajua imelala. Ikiamuka, tunajua." Na walitueleza waziwazi mbele ya watu wote: mbabula isitoke nyumbani, na nyumba itakayorudi kwenye makala siku nyingi, vyombo vyake vitapelekwa kwa nyumba nyingine. Sikuona shida. Nani mwenye akili angerudi?

Mama, hata kama nimekasirika, niache nikuambie raha niliyoionja. Maharagi niliweka, nikafunga, nikaenda zangu kuchota maji, nikirudi yameiva laini! Bugali ndiyo ilinisumbua. Sufuria ile ni nyepesi, ukisonga inakukimbia, nikawa naibana kwa miguu huku Amani ananishikia waya, injinia anatuangalia mdomo wazi. Lakini ukuta wa jikoni ukabaki mweupe. Watoto wakaacha kupiga chafya. Mimi mwenyewe macho yalikauka machozi, nikashangaa kwamba miaka yote nilikuwa nikilia kila nikipika na sikuwahi kujiuliza.

Ndipo nikakuita. Wewe umekausha samaki juu ya moshi tangu usichana wako, mapafu yako yamekuwa meusi kama dari la jikoni, na daktari alikwambia moshi utakuua. Nikakuambia, njoo Mama, kwangu hakuna moshi. Ukakubali. Ukamwachia mke wa mjomba fasi yako ya kukaushia samaki. Najua huwezi tena kumwambia akurudishie, ameshaleta vyandarua vyake na watoto wake. Kwa hiyo nitakaposema walinichukulia umeme, elewa walichukua kitanda chako.

Sasa Feza. Feza alikuwa amepata kazi kwenye mradi huo huo, animatrisi wanamwita: anapita nyumba kwa nyumba, anaeleza watu, anahakikisha vipimo havihamishwi. Siku alipopewa koti la mradi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Nilimpikia kuku.

Akafariki Baba Nyota, fundi cherehani, jirani yetu wa karibu. Wewe unajua kwetu matanga ni nini, hata ukimbizini hatukuyaacha. Mfiwa hapiki. Moto hauzimwi mpaka siku ya kuondoa matanga. Wanawake wanapita nyumba kwa nyumba kukusanya vyombo, huyu anatoa beseni, huyu sufuria, huyu mbabula, na hakuna anayesema hiki ni changu. Feza ndiye alikuwa mbele ya wanawake wale, maana anajua nyumba zote. Akaja kwangu asubuhi.

"Mapendo, lete ile mbabula yako. Ni mukubwa, na wewe hauitumikishe tena. Batu ni mingi kule."

"Na ile kifungo ya injinia?"

"Aka! Kifungo gani? Mimi si ndiye wa mradi? Injinia nitamwambia mimi mwenyewe. Tuache mama wa watu akose moto juu ya kifungo?"

Akainama, akaikung'uta vumbi, akajitwika kichwani. Kichwani mwake, Mama, si kichwani mwa mtu mwingine. Naapa mbele ya Mungu. Mimi nikafuata nyuma na gunia la makala, na tulikuwa tunazungumza habari za marehemu, jinsi alivyokuwa akishona na kuimba.

Mbabula yangu ikawaka kule siku zote za matanga. Ilirudi na majivu, imepasuka mdomo. Sikusema neno, maana chombo cha matanga hakiulizwi, wewe ndiye ulitufundisha. Nilimuuliza Feza jambo moja tu, "Ulimwambia injinia?" Akasema, "Nitamwambia." Nikamuuliza tena kisimani. "Nitamwambia, wewe Mapendo wasiwasi mingi!" Tukacheka.

Injinia akaja. Akasogeza mashine yake karibu na kile kifungo, akasoma, na uso ukambadilika. Feza alikuwa amesimama pale pale mlangoni, amevaa koti.

"Mama Amani, wewe umepika na makala."

"Sijapika."

"Mama, mashine hapana danganya. Jiko iliwaka mchana, iliwaka usiku, siku nyingi. Ndani moshi hakuna, basi ulipikia nje. Wewe unauza chakula?"

Mimi nikacheka! Nilidhani ni jambo la kumaliza kwa maneno mawili. Nikamgeukia Feza, nikamwambia, "Mweleze basi." Injinia naye akamgeukia. "Feza, wewe uliona hii jiko inatoka hapa?"

Feza akaangalia viatu vyake.

"Mimi sikuona," akasema.

Mama, nilimwangalia ule mdomo. Nilimwambia, "Feza! Si ulibeba wewe?" Nikamshika koti, nikamtikisa mbele ya injinia na mbele ya watoto, nikapiga kelele mpaka watu wakatoka nje. Labda hapo nilikosea, maana injinia aliona mwanamke mwenye hasira na mwanamke mtulivu, na mtu hujua ni yupi wa kumwamini. Mashine ni kweli haikudanganya. Moto uliwaka. Aliyedanganya ana miguu miwili na anakwenda kanisani.

Nikakimbilia kwa Mama Nyota, yule mjane. Nilimwomba aseme tu kwamba mbabula ilikuwa kwake. Akaniangalia kwa macho yamevimba. "Mapendo," akasema, "mimi nililala chini kitambaa kwa kichwa. Nilikuwa naangalia mbabula ya nani?" Na hakusema uongo, mfiwa haoni. Nikaenda kwa wanawake wengine waliopika. Wale ndio walinivunja moyo. Mmoja akaniambia kitu cha matanga hakidaiwi, nikienda kukitaja ofisini nitamletea marehemu aibu. Kufika jioni maneno yalikuwa yameenea soko zima: Mapendo anadai moto wa maiti. Hata leo kuna nyumba nikipita wanaacha kuongea. Nilitoa mbabula kwa roho nyeupe, nikapata sifa ya mchoyo.

Sikukubali. Nilipanda gari la ndizi linalopita Masha, nikafika Mbarara, nikavuka daraja la Rwizi mpaka Nyamitanga, ofisi yao iko nyuma kidogo ya shule ya masista. Mkubwa wao pale ni mama mmoja wa Kiislamu, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini hapo, Kiswahili chake kinateleza. Akanikaribisha vizuri, akanipa chai. Akanionyesha kwenye kompyuta mstari wa moto wa mbabula yangu, umepanda juu na kukaa huko. Nikamwambia, "Haya ndiyo matanga yenyewe, mama. Mtu wa watoto watano anapika hivi?" Akatikisa kichwa.

"Mama Amani, mimi nakuamini, wallahi," akasema. "Lakini imani yangu hawaipokei kama kipimo. Yule animatrisi wetu aseme kwamba jiko lilitoka, basi. Zile siku tutaziondoa na nyumba yako itabaki. Asiposema, sina njia. Mbele ya wanaotoa pesa, nyumba yako imerudi kwenye makaa."

Kwa hiyo yote yalikuwa mdomoni mwa Feza. Nilirudi nina furaha, Mama, nikuambie ukweli. Nilisema njiani, kwa neno moja tu? Feza hatashindwa neno moja. Aliogopa tu siku ile.

Nilimkuta anachambua maharagi. Nikakaa chini karibu naye, nikaanza kuchambua naye, sikupandisha sauti. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikisema, batanifukuza," akasema. "Kazi yangu ni kuchunga ile kifungo isihame, na ni mimi niliihamisha. Batoto bangu batasoma na nini? Wewe uko na bwana kule Bwizibwera. Mimi niko na nani?"

"Na Mama je? Mama anakuja juu ya kifua, Feza. Ameacha kila kitu kule Baraka."

"Usihangaike juu ya Mama. Mama ni wangu vilevile. Nitamuchunga mimi."

Sikuelewa. Nilidhani ni maneno ya kunifukuza tu, nikaacha maharagi yake, nikaenda. Nilielewa siku injinia aliporudi kutoa vyombo. Alifungua kila kitu bila kunitazama usoni. Furaha, yule mwenye jina lako, alikuwa anamfuata nyuma anamuuliza, "Birika imekosa nini?" Wakabeba kila kitu, wakapita nyumba ya kwanza, wakapita ya pili, wakaingia ya tatu. Walikuwa wanatafuta nyumba ya karibu na nguzo, yenye watoto wengi. Wakapata kwa Feza. Anasema alikataa, wakamlazimisha. Ee Mungu wangu! Nani amewahi kulazimishwa kupokea birika?

Sijui kama alipanga hivyo tangu mwanzo, Mama. Nimefikiri sana. Nataka kuamini kwamba aliogopa tu, halafu kitu kikaja mkononi, akakipokea. Uongo wake wa kwanza ulikuwa wa njaa, na njaa naijua, labda siku moja ningeusamehe. Lakini ile sauti aliyokutumia kwenye simu, uliyonieleza mwenyewe, kwamba Mapendo amechoka na umeme, amerudi mwenyewe kwenye makala, kwa hiyo Mama uje kwangu, kwangu hakuna moshi. Huo ulikuwa wa nini? Vyombo alikuwa navyo tayari. Kazi alikuwa nayo. Alitaka nini tena, kama si wewe?

Na wewe ulimwamini. Hilo nalo liliniuma, nisikufiche. Uliniuliza kama mtu anayemuuliza mtoto aliyekojoa kitandani.

Baba Amani alikuja mwisho wa mwezi, nikamweleza, akatukana kwanza, kisha akasema tujenge kibanda cha kupikia huko nje ili moshi usikufikie. Tulijaribu. Mvua za huku zinakuja na upepo wa kuzunguka, ukipikia nje mbabula inazimika, ukiingiza ndani moshi unapanda kitandani. Juzi tulipika ndani, mlango wazi, dirisha wazi, na Furaha akakohoa mpaka akatapika. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikakuona wewe. Nikajua nitakachokuandikia, na sikukipenda.

Kabla sijasema, nisalimieni mjomba na mke wake, mwambieni asiogope, fasi ya samaki ni yake. Msalimie shangazi mwenye kilema cha mguu, namkumbuka kwenye maombi. Salamu kwa mwalimu wangu wa Kiswahili, mwambie bado naandika mistari iliyopinda. Riziki, wewe nitakutumia kitenge mchungaji akirudi safari nyingine. Kaburi la mama mdogo mlipalilie kwa niaba yetu wawili, mimi na mtoto wake. Marehemu hana kosa.

Sasa sikia, Mama. Njoo. Panda gari kama tulivyopanga, usibadilishe siku. Ukifika, usije kwangu. Nenda kwa Feza. Kitanda chake ni kizuri, nimekiona, na hewa ya nyumba yake ni safi, hilo hata mimi siwezi kulikataa. Kula kwake, lala kwake, upone. Usimuulize habari ya mbabula. Ukimuuliza atalia, au atakasirika, na wewe hutakuwa na fasi nyingine ya kupumulia. Nilitaka tu mtu mmoja wa kwetu ajue, na niliona heri uwe wewe.

Siku ya kufika, yeye atataka kukubebea mzigo. Mwachie abebe. Mimi nitakuja kukuamkia kila siku, nitakaa nje kwenye kigoda, wewe utatoka ukiota jua na tutazungumza mpaka uchoke. Watoto wataingia ndani kwako, siwakatazi, wewe ni bibi yao. Lakini mimi, Mama, usiniambie niingie. Hata mvua ikinyesha, usiniambie.

Ni mimi mtoto wako wa titi la kulia,

Mapendo